Keria ya Baiskeli

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu kwenye bembea za mjini Shinyanga, akalalamikia jua na foleni. Nikakumbuka siku baba alipotupeleka maonyesho ya Sabasaba. Basi lilikuwa limejaa, na lori la pamba mama hakulitaka, hivyo tulipanda baiskeli: yeye kwenye keria, mimi mbele kwenye bomba. Miguu yangu ilikufa ganzi. Nilizungushwa kwenye farasi wa mbao walionuka grisi mpaka nikatapika. Mama alinifuta mdomo kwa khanga yake.

Kurudi tulipitia kwa babu, baba yake mama. Baba mdogo alikuwa akitusubiri huko. Wakubwa walizungumza kwa sauti ya chini, kisha babu akafungua zizi, ng'ombe wakatoka.

“Babu ametupa ng'ombe?” nilimuuliza baba.

“Wamerudi,” alijibu.

Sikujua kwamba mke akirudishwa kwao, mahari nayo hurudishwa. Mama alisimama mlangoni; nilidhani atatufuata baadaye kwa lori.

Baba mdogo alitangulia akiswaga ng'ombe. Baba alisukuma baiskeli, nami nikakaa kwenye keria peke yangu. Miguu haikufa ganzi. Nilifurahi njia nzima.