Mluzi wa Jirani

Jirani yangu msafisha picha hatumii saa. Akishaitia filamu kwenye dawa, hupiga mluzi wimbo uleule, nami kwenye cherehani yangu nausikia ukutani: mara mbili kwa picha za juani, mara tatu kwa zilizopigwa gizani, ili zikolee. Juzi nilimpelekea filamu ya bibi, aliyekuwa ndiyo kwanza apasuliwe jicho, mapazia yamefungwa, flashi marufuku. Nilipomweleza, akanuna. “Dada, umepiga giza tupu.” Nikashona huku nikihesabu. Ya tatu ikaisha. Akaanza ya nne, polepole, kama anayebembeleza mtoto. Alasiri akaja mwenyewe, vidole vikinuka dawa, picha kaishika pembeni. “Ina chenga kama mchele wa bei rahisi,” akasema. “Lakini bibi anacheka.”