Sauti ya Jukwaa Namba Mbili

Simu ya chumba cha wafanyakazi ililia Jumapili, saa nne asubuhi. Nikapokea. Aliyepiga hakusema neno.

Pumzi tu. Halafu kitu kama ukucha kikigonga. Ko, ko.

Nikakata.

Jumapili iliyofuata, saa ileile, ikalia tena. Pumzi. Ko, ko.

Mnaonisoma humu mnaujua mdomo wangu. Niliwaambia niliwahi kumteremsha farasi kwenye ngazi za umeme, na baadhi yenu mkaamini. Hii ya leo haina farasi. Natamani ingekuwa ya kutunga.

Miaka thelathini na moja nilifanya kazi kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi, mashariki mwa London. Jukwaa letu namba mbili limepinda kama ndizi, na tangazo lililoletwa kutoka makao makuu lilikuwa linagonga kuta na kurudi, huelewi kitu. Mkuu wa stesheni akasema tutafute sauti yetu wenyewe.

Nikampeleka binti yangu, Nerys.

Alikuwa na miaka ishirini na miwili, katoka chuo cha uigizaji, kazi hana. Tulimrekodi ndani ya stoo ya mifagio, tumetundika makoti ya sare pande zote ili sauti isirudi. Kila akirudia, mkuu anasema mtoto yuko kama anasoma hukumu. Mara ya sita nikachukua ndoo nikaivaa kichwani.

Akajikaza asicheke. Ikachukuliwa hiyohiyo.

"Tafadhali simama nyuma ya mstari wa njano."

Kwenye ile "tafadhali" kuna kicheko kimebanwa. Abiria walikuwa hawajui. Mimi najua. Ni ndoo.

Miaka ikapita. Mama yake akafariki.

Kwenye mazishi nikasimama kuzungumza, na ulimi wangu ukafanya mambo yake. Nikasimulia jinsi marehemu alivyomkimbiza mkaguzi wa tiketi na kikaango mpaka stesheni ya pili. Uongo mtupu. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu, wengine na chai mkononi.

Nerys hakucheka. Alinifuata mlangoni.

"Baba, leo tu. Leo tu ungeniachia mama yangu wa kweli."

Nikamjibu kwamba hajui utani. Akachukua koti lake, akaondoka.

Hakunipigia. Na mimi nikauchuna. Mzazi ni mimi, nikasema, aanze yeye.

Balvinder, mwenzangu wa zamu, alinichokonoa kila siku.

"We Alwyn, mpigie mtoto."

"Nimpigie wa nini? Naongea naye kila dakika nne."

Na kweli nilikuwa naongea naye. Tangazo likilia, mimi najibu kwa sauti, "Sawa, mama." Abiria wanacheka, na mimi nazidi kuvimba kichwa.

Ujinga wangu ulikuwa hapo. Sauti ile haikohoi. Haizeeki. Kila dakika nne ina miaka ishirini na miwili na inabana kicheko. Nikiisikia, najua binti yangu mzima wa afya.

Miaka minne ikakatika hivyo.

Ndipo zikaanza zile simu za Jumapili. Simu yenyewe ya kizamani, haionyeshi namba. Nikajua ni Balvinder na wenzake wananizingua, maana nilikuwa nimewatilia chumvi kwenye kopo la sukari. Nikaamua kuwapa dozi. Nikipokea nasema, "Hapa mochwari, unahitaji nafasi ya wangapi?"

Ko, ko.

Hata mimi nilianza kuizoea.

Jumapili ya saba niliamka vibaya. Jino linauma, treni imekwama, watu wananifokea. Simu ikalia.

"Sikiliza," nikasema. "Kama huna la kusema, usinipigie tena maisha yako yote."

Safari hii hakugonga. Akakata yeye.

Haikulia tena.

Mwezi wa kumi na moja wakubwa wakaleta mitambo mipya, sauti moja kwa stesheni zote. Nilifika Jumatatu, "Sawa, mama" yangu iko mdomoni, akaongea mwanamke nisiyemjua. Sauti safi kabisa. Haina ndoo.

Nikakaa kwenye benchi. Treni tano zikapita.

Balvinder akaja akanitilia flashi mfukoni. "Nimeitoa sauti yake kabla hawajafuta. Mpelekee mwenyewe. Usipoenda leo, mimi na wewe basi."

Nikapanda treni ya Southend, mji anakoishi Nerys, na sare yangu vilevile.

Alifungua mlango. Amekonda, kitambaa shingoni. Akaniangalia.

Na mimi, kwa kiburi nilichokuja nacho, nikamwambia, "Miaka minne, Nerys. Hata salamu?"

Akainua mkono taratibu, akagusa fremu ya mlango kwa ukucha.

Ko, ko.

Dah. Nikaketi palepale kizingitini.

Walikuwa wamemtoa uvimbe kooni mwaka uliotangulia, na sauti ikaenda nao. Aliniandikia jikoni, nyuma ya bahasha. Alijua Jumapili niko zamu. Hakuwa na shida yoyote, alitaka tu kunisikia nikidanganya. Ile ya mochwari ilimchekesha, akaandika.

Ile ya Jumapili ya saba hakuiandika. Na mimi sikuweza kuitaja.

Tukaweka flashi kwenye kompyuta. Sauti yake ikajaa jikoni. Alipofika kwenye "tafadhali" akaweka mikono miwili kichwani, kama mtu anayevaa ndoo. Mdomo ulicheka. Hakikutoka kitu.

Tulipewa mwaka mmoja na miezi mitano. Kila Jumapili alinipigia, mimi namwaga uongo saa nzima. Akigonga mara moja, endelea. Mara mbili, muongo wewe.

Mwezi wa tatu wa mwaka wa pili uvimbe ulirudi, na haukuondoka peke yake.

Kwenye mazishi yake sikutunga kitu. Nilisoma karatasi, mstari kwa mstari. Hakuna aliyecheka.

Flashi ninayo. Naifungua mara chache, kwa sababu katika sauti yote ya mwanangu nimebakiwa na sentensi moja, na inaniambia nisisogee. Miaka minne niliitii.

Basi wewe mwenye mtu unayeziona picha zake kila siku kwenye simu ukadhani hajambo, mpigie leo. Na siku akikupigia yeye akakaa kimya, usikate.