Nani Atabaki na Nyama

Kwenye bucha moja ya Ruiru, nikingoja nyama yangu ikatwe, wanaume wanne walikuwa wakipanga kupanda mlima Kilimambogo Jumamosi. Mmoja, mnene, aliitikia tu huku akisugua goti, uso kama wa mtu anayesomewa hukumu.

"Tukishuka tupate nyama imeiva," akasema kiongozi wao. "Nani atabaki chini akichoma?"

"Mimi," akajibu mnene upesi, akashusha pumzi kama aliyekwisha kurudi kutoka kileleni.

Kiongozi akamtazama kwa wivu. "Lakini kuchoma ni kazi ya watu wawili."

Wawili waliosalia wakatazamana.

"Na kachumbari itakatwa na nani?" mmoja akauliza.

Wote wakacheka, mabega yakalegea. Wasomaji, mlima ni mzuri sana ukiutazama kutoka kando ya jiko.