Rosti Iliyomfumania Mkwe Wangu

Wengine hufumania kwa simu. Wengine hupenyezewa na majirani. Mimi nilimfumania mkwe wangu kwa nyama ya ng'ombe na vitunguu.

Cheka ukitaka. Ukifika mwisho utanyamaza.

Naitwa Teresa, lakini hapa Juba wananiita Mama Jerioth. Kwetu ni Nyeri. Nilikuja huku kupikia watu kwenye kampaundi moja pale Thongpiny, karibu na uwanja wa ndege, na nikipata oda za sherehe pembeni sikatai. Jerioth ni binti yangu wa pekee, anafanya kazi benki. Baba yake simtaji, hana faida kwenye hii stori wala kwenye nyingine yoyote.

Sasa mnijue mapema. Mimi nina dharau. Sifichi. Nikiona mtu anatumbukiza nyama kwenye presha na maji ya kuogeshea mtoto, halafu anaita ile kitu rosti, natamani kumnyang'anya mwiko.

Rosti haitaki haraka. Unanunua bega la ng'ombe, lile gumu ambalo wenye maringo wanalipita buchani. Unalikaanga kipande kizima, kila upande, mpaka lishike rangi ya kahawia. Vitunguu unakata vingi mpaka jirani aulize kuna matanga gani. Unavitandika chini, nyama unailaza juu, unatia chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu.

Maji? Ya nini? Vitunguu vitatoa yake.

Unafunika kwa kifuniko kizito, makaa machache chini, mengine juu ya kifuniko. Halafu unaachana nayo. Unafua nguo, unakunja, unagombana na mtu kwa simu. Ukirudi, nyama inaachana yenyewe na vitunguu vimeyeyuka vikawa mchuzi mzito mweusi.

Hiyo ndiyo rosti niliyompikia Marino.

Jerioth alikuwa ameniambia, "Mum, kuna mtu nataka umwone. Ni serious."

Akaja Jumapili baada ya kanisa. Kijana mrefu, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa kama havijawahi kuonana na vumbi la Juba. Ni wa hukuhuku lakini amesomea Nairobi, na Kiswahili chake ni cha Nairobi kabisa. Ana malori ya kubeba mchanga kule Rejaf, na hukohuko Rejaf anajenga nyumba.

"Mum," akaniambia, "nataka Jerioth aache kazi mwisho wa mwezi, ahamie Rejaf asimamie nyumba. Halafu Desemba tutateremka Nyeri nione wajomba."

Kwanza ahamie, halafu wajomba. Sikio langu lilisikia. Lakini macho yalikuwa kwenye sahani yake.

Maana alikula, jamani. Alikula huku amefumba macho. Akapangusa mchuzi na chapati, akaongeza. Akapangusa tena, akaongeza tena.

"Mum, nikioa hapa nitapasuka," akasema.

"Pasuka tu, mwanangu," nikamwambia. Hapo nilikuwa nishamkabidhi binti na sufuria.

Jirani yangu Abang alikuwa anachungulia kutoka kwake. Huyu anauza vitenge soko la Konyokonyo. Alikaa miaka mingi Uganda kwenye kambi, na Kiswahili alichotoka nacho huko kinatembea na magongo. Marino alipoondoka tu, akaja na sahani tupu mkononi, kama kawaida yake.

"Mama Jerioth, hii kijana iko anataka nini kwako?"

"Anamuoa Jerioth."

"Na amekula?"

"Sahani tatu."

"Mbele yako? Wewe iko naangalia?"

"Sasa nifumbe macho kwangu, Abang?"

Akaweka sahani chini. "Sikia. Mimi na hii kijana ni watu moja. Kwetu, mwanaume hawezi kula mbele ya mama ya bibi yake. Hata kama njaa naua yeye. Anakaa mbali, anaangalia chini, anaenda kula kwingine. Hiyo ndiyo heshima. Kama amekula kwako sahani tatu, wewe si mkwe. Wewe ni hoteli tu."

Hoteli! Mimi!

Damu ikanipanda. Nikamwambia kijana amesoma, hayo ya kuogopa sahani ameyaacha kijijini. Nikamwambia pia wivu ni ugonjwa, na binti zake wawili wapo tu nyumbani hawajapata hata wa kuwaletea soda.

Abang alifyonza mpaka kuku wakageuka. Lakini sahani yake alihakikisha imejaa kabla hajaondoka.

Wiki hiyo Jerioth alimwambia bosi wake kwamba mwezi ukiisha anaacha kazi. Bosi akamsihi afikirie tena. Mwanangu akacheka tu, jioni akaanza kufunga vyombo kwenye maboksi. Kazi yenyewe aliitafuta mpaka soli za viatu zikaisha, na sasa anaiacha kwa ajili ya nyumba ambayo hata paa haina. Mimi nikamsaidia kufunga. Nikampa sufuria yangu nzito, ile ya rosti, nikasema nitanunua nyingine.

Katikati ya wiki Abang akarudi. Hakutaja Marino hata kidogo.

"Iko mama moja wa kanisa yetu, anakaa Nyakuron. Mama Rejoice. Binti yake amezaa mtoto ya kwanza, iko analala kwa mama yake mpaka apate nguvu. Jumapili wanaombea mtoto. Mimi nimesema wewe upike rosti. Sufuria mbili."

"Kumbe hoteli inatafutwa," nikamchokoza.

Akaanza kunihesabia vitunguu. Hapo ningepaswa kushtuka, kwa sababu Abang hajawahi kukosa la kujibu.

Jumapili tukaenda. Mimi na Abang tulitangulia na sufuria ya kwanza, Jerioth akabaki kusubiri ya pili iive, aje nayo kwa raksha, ile tuktuk ya huku.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa, viti vya plastiki vimepangwa, wanaume upande huu, akina mama upande ule. Mama Rejoice ni mwanamke mrefu, mtaratibu, Kiswahili chake kimepita kambi ya Kakuma, kule Kenya. Alikuwa amejitanda shuka begani, na kila akitoka mlangoni anajifunika uso nusu. Nikadhani ni jua.

Mchungaji akaomba, tukasema amina, nikaanza kupakua. Nilipofungua kifuniko, harufu ya vile vitunguu ilizima mazungumzo ya wazee. Nikajisikia, siwafichi.

Kila mwanaume alipokea kwa mikono miwili. Isipokuwa mmoja.

Alikuwa amekaa peke yake mwisho kabisa, ametupa mgongo, kofia imeshuka usoni. Wenzake aliokuja nao wanakula, yeye anaangalia ua wa mabati.

"Baba, karibu chakula," nikamwambia mgongo wake.

Akatikisa kichwa.

"Onja hata kidogo."

Akatikisa tena.

Mimi nikakataliwa rosti? Nikaanza kumwambia kwamba kuna watu wanavuka daraja kuja kutafuta hiki alichokikataa, na kama tumbo linamsumbua aseme tumpe uji wa mzazi.

Mama Rejoice akacheka kutoka mlangoni, shuka usoni. "Mwache, dada. Huyo ni mume wa Rejoice wangu. Mimi nikiwa hapa hawezi kula, na mimi simwonyeshi uso. Tangu amuoe binti yangu hajawahi kuonja hata chumvi kwangu. Ni heshima yake." Alisema hivyo kwa fahari kabisa, kila mtu asikie.

Nikaguna. Nikazunguka mbele nimwone huyu mwenye heshima zake.

Kofia. Shati limepigwa pasi. Viatu vinang'aa.

Marino.

Sahani ilibaki mkononi sijui kwa nguvu za nani. Akaniangalia kwa chini, jasho linamtiririka, akanong'ona, "Mum, tafadhali. Nitakueleza. Si hapa."

Nikamtazama Abang. Abang alikuwa ananitazama mimi, mikono kifuani, hacheki.

Ukweli nilitaka kumeza. Ndani kulikuwa na mtoto wa watu na kichanga chake, hawajanikosea kitu. Nikajiambia nitapakua, nitaondoka, nitaenda kumalizana na binti yangu nyumbani.

Raksha ikasimama getini.

Jerioth akaingia amebeba sufuria ya pili, ile ile niliyompa ya kuanzia maisha. Akaona mimi. Akaona sahani. Akamwona aliyekaa. Kwanza akatabasamu, na hilo tabasamu ndilo lililonivunja moyo. Halafu akageuka kwa Abang.

"Auntie, huyu ni nani hapa?"

"Baba ya mtoto," Abang akasema.

Mwanangu hakulia. Aliweka sufuria chini, akafunga leso kiunoni, akachukua mwiko. Akaanza kupakulia wazee waliokuwa bado, mmoja mmoja, kwa adabu. Alipofika mwisho kabisa, mzee mmoja akamwambia, "Binti, huyo mruke. Ni mkwe hapa, hali."

"Najua," Jerioth akasema, na sauti yake ilikuwa wazi kama ya kuita namba benki. "Huyu alishakula kwetu. Jumapili iliyopita, sahani tatu, mama yangu akimwangalia."

Vijiko vikasimama.

"Kwenu wapi?" mzee akauliza.

"Kwetu, kwa mchumba wake. Ndiye mimi."

Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Ule uwanja mzima ulijua maana ya mwanaume kula mbele ya mama wa mchumba, isipokuwa mimi niliyekuwa nimeelezwa nikaita wivu.

Pazia la mlangoni likasogea. Msichana mdogo akatokea na kichanga begani. Huyo ndiye Rejoice. Alimtazama mumewe, akamtazama Jerioth, akarudi ndani.

Mama Rejoice akashusha shuka usoni. Akavuka uwanja kwa taratibu zake zile zile, akasimama mbele ya Marino karibu kuliko alivyowahi kusimama. Akanipokonya sahani, akaiweka magotini pake.

"Kula."

"Mama, naomba..."

"Mama ya nani? Kula."

Wazee hawakumtetea. Rafiki zake walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Akala.

Ndugu zangu, nyama ile ukiigusa na kidole inaachana. Lakini yeye aliitafuna kama soli. Kila tonge lilipita kooni tukiliona. Mama Rejoice alisimama pale, macho kodo, mpaka sahani ikaisha. Halafu akasema neno moja tu.

"Kalas."

Imekwisha. Kwa walioelewa, hapo alikuwa amevuliwa ukwe mbele ya mashahidi, na kilichomvua ni chakula.

Marino akainuka, akatembea kuelekea getini. Alipofika kwangu akafungua mdomo. "Mum..."

"Hoteli imefungwa," nikamwambia.

Tukarudi kwa raksha, watatu, sufuria tupu miguuni. Jerioth akalalia bega langu, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. Nikamgeukia Abang.

"Ulijua?"

"Mimi nilicheza kwa harusi yake."

"Na ukaninyamazia!"

"Mimi ilisema. Wewe ukasema wivu. Ningeleta jina ya bibi yake, ungesema Abang ni mwongo pia. Sasa nani iko mwongo?"



Jerioth alienda kwa bosi wake akamwambia amebadili nia, na bosi hakumuuliza sababu. Maboksi tuliyafungua. Sufuria yangu imerudi jikoni. Malori ya mchanga nasikia bado yanapita, na mwenyewe akiona mwanamke mfupi mnene kama mimi barabarani anapandisha kioo.

Abang naye anakuja kila Jumapili na sahani yake. Namtilia kipande cha katikati, kabla sijajitilia mwenyewe, na anaongeza bila kuniomba.

Wazee walisema mla nawe hafi nawe. Nilikariri shuleni, nikapata vema, nikasahau. Kwa hiyo nakuachia hili, mama mwenzangu unayejisifu kwamba kijana wa binti yako anapenda mapishi yako. Usihesabu sahani alizomaliza kwako. Ulizia nyumba anakoshinda njaa.