Kadi Aliyowawekea Watoto

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu kwamba fundi wangu wa baiskeli hapa Gitega amefariki, na neno la kwanza lililonitoka, Mungu anisamehe, halikuwa innalillahi bali "Mjinga huyu!" Nikasema innalillahi, nikakata simu, nikakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, nikiwa na hasira ambayo mpaka leo haijapoa. Wasomaji wa safu hii mmenizoea nikilalamikia barabara, umeme na vijana wasiosalimia. Leo namlalamikia maiti, jambo ambalo marehemu mama yangu alinikataza kabisa. Lakini mtu huyu hakupigwa na radi wala kugongwa na lori. Alikufa kwa kidonda cha mguu, na kadi ya matibabu ilikuwa mfukoni mwake.

Alikuwa mtoto wa Muyinga, katika zile familia za Waislamu wa mjini wanaoishi kwa ufundi na biashara ndogondogo. Kazi aliijulia kwenye baiskeli za wakulima wa Giteranyi, zile zinazopandishwa milima na magunia ya maharagwe mpaka rimu zinapinda. Alipohamia Gitega alikuja na mkewe na sanduku la spana, na mabinti zake wawili wakazaliwa hapa. Miaka michache iliyopita mafundi wa mtaa wetu walianzisha mutuelle, yaani chama cha kuchangiana matibabu: unalipa mchango wa mwaka, unapewa kadi, ukiugua wewe au mtu wa nyumbani mwako unaionyesha zahanati, na chama kinabeba sehemu kubwa ya gharama. Yeye alijiandikisha wa kwanza, wala hakuwahi kuchelewesha mchango. Ila kuitumia hiyo kadi, hakuitumia hata siku moja.

Na alijisifu kwa hilo! Kila mwaka ulipokwisha aliitoa kwenye nailoni yake, safi kama siku aliyopewa, akatuonyesha sisi wateja wake. Siku moja mwalimu mmoja wa Mushasha alileta baiskeli kuzibwa pancha, akasimulia jinsi alivyotibiwa malaria kwa bima yake ya kazini. Fundi akatikisa kichwa kwa huruma kabisa. "We unakula asiranse yako, mwalimu," akamwambia, akimaanisha hiyo bima. "Kesho watoto watakuta nini?" Tukacheka sote, mwalimu akiwemo. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza ana maana gani, maana alikuwa mtu wa utani, na mtu wa utani hasikilizwi.

Kisha spoki iliyokatika ikamchoma unyayoni, kwa sababu alifanya kazi na kandambili miaka yote. Mtu mwingine angepona kwa wiki moja. Kidonda chake kilikataa. Mkewe akamwosha kwa maji ya chumvi, jirani akaleta majani ya kubandika, mwezi ukapita. Nilipokwenda kutengeneza breki nikamkuta ameuweka mguu juu ya ndoo, na harufu niliipata kabla sijafika.

"Si una kadi wewe? Nenda zahanati!"

"Mi siichezei kwa kidonda tu, mwandishi. Ile iko ya mambo makubwa."

"Mguu unanuka, bwana! Unataka jambo kubwa lipi tena?"

"Bon, itapona. Mungu iko."

Nilimgombeza, akacheka, akanirekebishia breki, nikaondoka. Walipomfikisha hospitali daktari alikuta sukari imejaa kwenye damu, pengine kwa miaka, na uozo umepanda mpaka gotini. Siku ya tatu akafariki. Sukari ile ingeonekana kwa kipimo kidogo tu, na kipimo hicho kilikuwa kinalipiwa na kadi. Jamani!

Wazee wetu hawakuwa na kadi. Hata baada ya uhuru, huko vijijini Gishubi nilikokulia, bima ilikuwa ni ingobyi, machela ya kusuka: ukizidiwa, wanaume wa kilima chenu wanakubeba mabegani mpaka kwa mganga, na wao wakizidiwa, unabeba. Hakuna aliyehitaji kuelezwa, kwa sababu kila mtu aliwahi kuuhisi mti wa machela begani. Siku hizi tumeletewa karatasi. Karatasi ni jambo jema, silipingi. Lakini ya chama cha mafundi iliandikwa Kifaransa, ikafafanuliwa kwa Kirundi cha haraka haraka, ikatiwa dole gumba na watu wanaoongea Kiswahili kutwa, na sisi tuliosoma, tulioalikwa siku ya uzinduzi, tulikuwa tumekaa mstari wa mbele tukisubiri fanta. Nilidhani hasira yangu ilikuwa ya haki, na kwamba wenye makosa ni marehemu, chama na karatasi yao.

Siku ya pili baada ya hitima, binti yake mkubwa akaja nyumbani kwangu. Amemaliza sekondari mwaka huu, anataka kusomea uuguzi. Alikaa ukingoni mwa kiti, akaiweka kadi mezani, haina muhuri hata mmoja wa zahanati.

"Baba mudogo, nimekuja unielekeze. Tunaenda ofisi gani kuchukua zile baba alituwekea?"

"Alizowawekea wapi, mwanangu?"

"Ku asiranse. Alisema kila mwaka asipoitumia inabaki, inaongezeka, akifa tunapewa. Kama vile watoto wa baba mukubwa wa Muyinga walipata."

Hapo nikaelewa. Kaka mkubwa wa fundi alikuwa dereva wa lori, na tajiri wake alikuwa amemkatia bima ya maisha. Alipofariki, mjane alipewa fedha, akajenga nyumba Muyinga, na fundi wangu aliiona nyumba ile kwa macho yake. Hiyo ndiyo asiranse aliyoijua. Yule mtu hakuwa mjinga wala bahili. Alikuwa anavumilia maumivu ili asiwapunguzie wanawe.

"Nani alimwambia hivyo?" nikauliza, nikiwa tayari kumkasirikia mtu huyo.

"Alisema ni we."

Nikakumbuka. Ni kweli aliniuliza, muda mrefu kabla ya kidonda: mtu asipougua mwaka mzima, mchango wake unakwenda wapi? Nilikuwa na haraka, nimeshapanda baiskeli. Nikamjibu, "Si unawaachia watoto!" nikacheka, nikakanyaga pedali. Naye hakucheka.

Nilimweleza binti pole pole, safari hii bila mzaha. Bima ya maisha huwaachia walio hai mtu anapokufa. Bima ya afya humtibu aliye hai, na mwaka ukiisha haibaki hata senti, kwa sababu mchango wako umeshamtibu jirani. Alisikiliza mpaka mwisho. Sikumwona akilia kwa ajili ya masomo yake. Aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo ile kadi ingemtibu?"

Nikasema ndiyo.

Tunapenda kuwaambia watu kwamba kuuliza si ujinga. Basi msomaji wangu, leo mwulize jirani yako anadhani kadi yake inafanya nini, na ukijibu swali lake, shuka kwanza kwenye baiskeli.