Mzee Aliyeletwa Chekechea

Asubuhi ile mlangoni pa chekechea yangu hakuachwa mtoto. Aliachwa mzee.

Shati limenyooka, chupa ya maji imening'inia shingoni.

"Mwalimu, naomba nikuachie baba mpaka jioni," alisema mwanawe, mtu mzima, amevaa nguo za kazi. "Siku hizi anasahau. Akitoka tu, anapotea."

"Kaka, hapa ni pa watoto."

"Wako wapi hao watoto?"

Hapo akanishika pabaya.

Mji wetu mdogo uko ubavuni mwa jiji. Tangu kiwanda cha viatu kifungwe, wenye watoto wamehama mmoja mmoja. Waliobaki ni wazee, na wale wanaodamka alfajiri kwenda kuhangaika jijini, wanarudi kulala tu. Zamani vyumba vyangu viwili vilifurika. Sasa watoto sita, na wawili kati yao wako mbioni kuhama.

Nilikuwa nimechoka hata kubisha. Nikampokea.

Mzee hakuwa na shida. Anakaa kwenye kiti kidogo, magoti yamefika kidevuni, anawamenyea watoto machungwa. Jioni mwanawe anamfuata.

"Vipi kazini, mwanangu?"

"Leo jijini palichemka, baba."

Siku moja mzee akashikwa na homa. Nampigia mwanawe, simu inaita tu. Nikamwachia mpishi wetu watoto na mzee, nikaenda mtaani kwao nione kama kuna jirani wa kunisaidia.

Kufika mlangoni pao, nikasikia mtu analia ndani. Si kulia kwa machozi tu. Kulia kwa tumbo.

Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Alikuwa yule mwanawe! Amekaa kitandani na nguo zake za kazi, uso kwenye mto.

Kumbe jijini haendi!

Sikubisha hodi. Nikapitia duka la dawa, nikarudi miguu mizito.

Mzee akameza vidonge, akaniangalia.

"Umemkuta nyumbani, eeh?"

Nikajifanya nafunga pakiti ya vidonge.

"Mwanangu, mimi sisahau kitu. Hiyo kazi ya jijini haipo. Tunaishi chumba kimoja, na usiku alikuwa anang'ata shuka nisimsikie. Nikaona bora nianze kupotea njia. Angalau mchana apate mahali pa kulia."

Weee. Nilikaa chini, sakafuni, katikati ya midoli.

Jioni mwanawe akaja, macho mekundu. Nikamwambia baba alikuwa na homa, ameshakunywa dawa.

"Nilikupigia, hukupokea."

Akatazama chini. "Mashine zina kelele sana, mwalimu."

"Naelewa, kaka."

Basi. Nikamkabidhi vidonge vilivyobaki.

Ndugu zangu, ukiijua siri ya mtu usikimbilie kuianika. Uliza kwanza inamsitiri nani.

Nilikuwa nimeshapanga kufunga chekechea mwisho wa mwezi. Mwezi umepita, bado nafungua kila asubuhi, nimechoka vilevile.

Nikifunga, yule kaka atalilia wapi?