Kitenge, muntu mwenye kuyeyusha cuivre

« Maman Hortense, umeniharibishia kazi! Angalia: mguu ya kwanza inaingia, ya pili inaingia, ya mwisho inabakia inje sawa muntu mwenye kuchelewa misa! »

Kitenge alisimama pa mulango ya secrétariat ya Hortense, kale kanyumba ka kuimprimer makaratasi, karibu na soko. Mu mukono moya alikamata plaque yenye cuivre, ile shaba nyekundu, mu mukono ingine puce, kale kadudu keusi kenye miguu mingi kenye kuongozaka bintu bya courant ya umeme. Matundu alitoboa ye mwenyewe asubui. Miguu ilikataa kuingia.

Hortense hakutosha hata macho ku écran. « Minye njo niliharibisha? Weye ulileta clé USB jana, minye niliimprimer. Dessin ni ya kwako. »

« Dessin ni ya kwangu, kipimo ni ya kwako. Uliipunguza. »

« Niliipunguza na nini, na makasi? »

Shiye batu ba mu rang, benye kungoya zamu, tukacheka. Glody, mwenye kuuzisha unité za téléphone pale inje, naye akatupa ya kwake: « Likasi muzima batu banachimba cuivre. Weye peke yako njo unaitupa mu acide iishe! »

Kitenge hakucheka. Siku ingine angecheka, ju ni muntu wa masolo. Hakusomea courant ku masomo. Akiwa mutoto alifungua radio ya baba yake, akapigwa, akaifunga tena, ikasema muzuri kupita mbele, na fimbo ikaishia pale. Tangu ile siku kintu chenye kufa banamuletea. Sasa vidole byake biko jaune, rangi ya manjano, juu ya acide, na bamama ku soko banaogopaka kumupa mukono.

Circuit zake anazifanyaka hivi. Anachora njia za courant ku ordinateur, anaimprimer ku karatasi yenye kuangaza, analalisha ile karatasi juu ya cuivre, anapitisha fer ya moto sawa muntu anapasi shati. Wino mweusi unahamia ku cuivre. Kisha anatia yote mu acide: penye wino, cuivre inabakia; penye hakuna, inayeyuka. Njo njia zinabakia. Lakini kama dessin imepunguka hata kidogo sana, miguu ya puce haionane na matundu, na kazi yote ni ya bule.

Na ile siku haikukuwa siku ya kazi ya bule. Yaya yake Orpa, mukubwa wake, anaishi na bifaranga: anavitotolesha, anaviuzisha, batoto banakula. Couveuse yake, ile sanduku ya kutotolesha mayayi, ni frigo ya zamani, Kitenge njo aliitengeneza. Juzi courant ilikatika, ikarudia na nguvu, ikaunguza circuit yenye kufungua na kufunga moto. Mayayi ilikuwa mule ndani, frigo muzima, na bifaranga bilikuwa bimeanza kujifanya. Tangu pale Orpa anazungushia mayayi chupa za mayi ya moto, anafunika blanketi, analala kidogo, anachemsha tena. Circuit ya kuuza iko Lubumbashi, itafika juma ingine. Yayi haingoyake juma ingine.

« Yaya yangu amechoka, » Kitenge akasema, sauti ikashuka. « Bikifa, bitakufa mu kintu nilifanya minye. »

Pale Hortense akasimama. Akakamata puce, akailalisha juu ya ile karatasi ya jana yenye Kitenge alileta, akainama.

« Ni ajuster, » akasema. « Ajuster à la page: machine inapunguza yote iingie mu karatasi. Naifinyaka kila siku, mukono inaenda yenyewe. »

« Na juu ya nini? »

« Juu ya cachet, muhuri ya bureau. » Akarudia kukaa. « Maman moya alitoka Kakanda na attestation ya mutoto wake. Machine ikakata pembeni, cachet ikabakia nusu. Ku bureau bakamukatalia. Alirudia hapa, akalia pa ile kiti yenye unaegemea. Tangu ile siku nilisema: hakuna karatasi itatoka humu yenye kukatwa. Afazali ipunguke kidogo, yote iingie. »

Kitenge akaangalia ile kiti. Niliona hasira inamutoka, na haikupata pa kuenda. Ile kintu Hortense alifanya kwa kusaidia batu bote, njo yenye ilimuulia Kitenge kazi.

« Fanya taille réelle, kipimo yake ya kweli, » akasema polepole. « Ikikatwa, ikatwe. Pembeni ni cadre tu, ule mustari wa kuzunguka. »

Hortense akafinya. Karatasi ikatoka, cadre yenye kukatwa upande moya. Uso yake ikakunjana sawa muntu anaona mutoto wake anaenda inje bila shati. Lakini Kitenge akasukuma miguu ya puce mu ile karatasi: yote ikatoboa penye nukta zake, toka ya kwanza mpaka ya mwisho.

« Sasa ku karatasi yenye kuangaza. » Akatosha mu mufuko ukurasa wa calendrier.

Ule ukurasa ulikuwa mufupi. Machine ikaupima, ikapunguza dessin yenyewe, bila kuuliza muntu.

« Basi nibandike hii ya calendrier juu ya karatasi kubwa na scotch, » Kitenge akasema.

« Scotch mu machine yangu? Mule ndani kuko moto, Kitenge! Itayeyuka, itashikana. Machine ikikufa, batoto bangu batakula cuivre yako? »

Alikuwa na haki, na Kitenge alijua. Akakaa ku ile kiti. Inje batu ba rang banaanza kunung'unika. Macho yake ikaenda mu kitunga ya bucafu chini ya meza: karatasi nyeupe zenye kuteleza, zile zinabakiaka kisha kubandua étiquettes zenye gundi. Hortense anaimprimiaka batu benye kuuzisha juice ya tangawisi étiquettes za chupa. Akaokota moya, akaipitisha kidole.

« Hii ni muzima. Ni urefu ya karatasi ya kweli. »

« Acha ile. Wino haishikake pale. Unapangusa na kidole, inatoka yote. »

« Maman Hortense! » Kitenge akaruka. « Minye natafuta yenye kutoka! »

Hortense akamuangalia, akacheka, akaitia mu machine. Ikapita. Kitenge akaibeba mbele ya kifua na mikono mibili, sawa muntu anabeba supu yenye kujaa, na rang yote ikamupisha.

Nilimufwata, ju maneno ilikuwa imeniingia. Ku nyumba ya Orpa akapitisha fer, wino ikahama yote. Acide ikafanya kazi yake. Akatoboa, akatia puce, safari hii miguu ikaingia bila kusukuma. Akasouder miguu ku cuivre na madini ya kuyeyusha, akaunga ku frigo. Tukangoya. Kisha ndani ikalia « tak », na taa ya moto ikawaka.

Orpa akafungua mulango ya frigo. Akakamata téléphone, akawasha torche, akatia yayi ya kwanza juu yake. Mishipa myekundu, na kintu kinasukumana kidogo. Akairudisha. Ya pili, nyeusi, yenye kutulia. Akaitia mu beseni. Hivyo, moya moya. Mu beseni ikaingia mingi kupita yenye nilikuwa nawaza, lakini mu frigo ilibakia mingi zaidi.

« Ningekuya jana, » Kitenge akasema.

« Jana ulikuya, » Orpa akajibu, bila kuacha kuangalia. « Circuit njo haikukuya. Shika hii, iko na moto? »

Akaishika ku shavu. « Iko na moto. »

« Basi enda. Batu ba chorale bamekuita tangu saa ya misa, micro yao ya kuimbia imekufa. »

Akanawa vidole, acide haikutoka, akatia fer ya kusouder mu mufuko na akaenda ku kanisa kuangalia micro yao.